Chakula cha Kwenda na Kurudi Siku Moja

Mambo yalianzia dukani Merrylands, kitongoji cha Sydney, Jumamosi moja ya mwisho wa Agosti. Goreth Kubwimana alikuwa anasukuma kitoroli, binti yake Divine anachagua vitu, mdogo wake Divine, Libère, anavuruga kila alichoweza kukifikia. Divine akatoa mfuko kwenye rafu ya chini akautia kitorolini. Dengu za njano, zilizopasuliwa, kilo mbili.

"Zina protini, na bei yake nzuri," alisema kwa Kiingereza. Kiswahili alikielewa chote, lakini tangu aanze sekondari alikuwa hakitumii kujibu.

Goreth aliuchukua mfuko, akaugeuza, akatafuta maandishi madogo ya chini yanayotaja nchi ya mazao. Lilikuwa jina lile lile. Kwa miaka kumi na minne alikuwa amelisoma jina hilo kwenye magunia ya msaada, katika kambi ya wakimbizi Kigoma, kila siku ya mgao. Dengu za njano, unga, kibaba cha mafuta, chumvi. Aliingia kambini akiwa msichana wa miaka kumi na moja, akatoka akiwa mke wa mtu na mtoto mgongoni, na katika muda wote huo hakula tonge moja ambalo alijua limeota kwenye udongo wa namna gani.

Akaurudisha mfuko kwenye rafu. Divine alimwuliza kuna nini, yeye akasukuma kitoroli mbele. Njia nzima kurudi nyumbani alikuwa anamfikiria mama yake.

Mama yake Goreth alikuwa mkulima wa Makamba, kusini mwa Burundi, mwanamke aliyekuwa akivunja kuni kwa goti. Kambini walikatazwa kulima nje ya mpaka. Mwaka wa kwanza alipanda maharagwe kwenye kiukanda cha ardhi nyuma ya hema, mbuzi wa jirani wakayamaliza. Mwaka wa tatu hakujaribu tena. Goreth alikumbuka jioni moja mama yake alipomwonyesha viganja vyake. "Tazama," alimwambia, "vimekuwa laini kama vya karani." Alisema hivyo kwa aibu, kama mtu aliyekutwa akiiba. Alifariki huko huko, bila kushika jembe tena.

Jumapili ile, baada ya kanisa, Goreth alingoja mume wake amalize kula ndipo akasema. Mume wake aliitwa Wilondja, Mbembe wa Fizi, mtu mpole mwenye sauti nzito, aliyekuwa akiendesha mashine ya kupakia mizigo kwenye ghala moja. Yeye Mkongo na mkewe Mrundi, walikutana kambini, na Kiswahili ndicho kilichowaozesha.

"Baba Divine, kuanzia kesho chungu changu hakitapika kitu ambacho mimi siwezi kwenda kukiona kinapoota, nikarudi siku hiyo hiyo kukipika."

Wilondja alidhani amesikia vibaya. "Kuona nini?"

"Chakula. Shamba lake. Kama siwezi kwenda na kurudi siku moja, hatuli. Mwaka mmoja."

"Na mchele?"

"Mchele wa hapa uko mbali, siku nzima barabarani na hujafika. Hapana."

"Unga wa ugali?"

"Nitaona."

"Chai je?"

"Chai inaota wapi?"

Wilondja alifikiri. "Sijui."

"Basi."

"Chumvi?"

"Chumvi hailimwi. Chumvi ruksa."

Wilondja alicheka, akitumaini naye atacheka. Goreth hakucheka. Alikuwa amekwisha kufunga kabati la juu kwa kipande cha kitambaa, ndani yake mkiwa na unga, mchele, sukari na majani ya chai. "Mama Divine," alisema Wilondja polepole, "sisi tulikimbia njaa. Wewe unaiita irudi ndani."

"Siiiti njaa. Nataka watoto wangu wajue wanakula nini."

Divine aliinuka mezani akaenda chumbani kwake, na mlango ukasema kwa niaba yake.

Wiki za kwanza hazikuwa ngumu kama wote walivyohofia. Majira ya huku ya mimea kuchipua yalikuwa yameanza, na Goreth alikuwa mtu wa kuulizauliza. Alifanya kazi katika jiko la nyumba moja ya wazee huko Parramatta, na wazee wenyewe ndio waliomwelekeza. Mmoja alimwambia wapi pa kupata mayai, mwingine akamtajia shamba la mizeituni la shemeji yake, saa mbili kwa gari upande wa kaskazini, wanakokamua mafuta. Samaki alipata mkizi wa Mto Hawkesbury, samaki ambaye wenyeji wengi humdharau kwa miiba yake. Viazi vilikuwapo, maboga yalikuwapo, maziwa yalitoka Camden. Kilichokosekana ni mboga za kwao na maharagwe. Na nyumba ya Mrundi bila maharagwe ni nyumba ambayo moto umezimika.

Jumapili ya pili ya Septemba alipanda treni hadi Liverpool, akachukua basi lililopita mara moja moja tu, akateremka Kemps Creek. Kulikuwa na mashamba ya mboga pande zote mbili za barabara, lakini kila baada ya mashamba mawili palisimama uzio mpya na nyuma yake matingatinga yamelala kwa sababu ya wikendi. Alitembea kama nusu saa, akiwa na kikapu. Ndipo alipoona, kati ya mistari ya kabichi, kitu kilichomfanya asimame. Lengalenga. Nene, laini, za majani ya kijani yaliyoiva, zimejiotea zenyewe kama hazina mwenyewe. Na kikongwe mmoja mwenye kofia ya majani alikuwa anazing'oa na kuzitupa kwenye rundo.

"Mama!" Goreth alipaza sauti kutoka barabarani. "Usitupe!"

Kikongwe aliinua uso. Aliitwa Rita, mzaliwa wa Malta aliyefika Sydney akiwa bibi harusi, na shamba hilo alikuwa amelilima miaka hamsini na mbili, thelathini na nane na mume wake na kumi na minne peke yake. Kiingereza chake kilikuwa na kona kona kama cha Goreth, na labda ndiyo sababu walielewana upesi.

"Haya ni magugu," alisema Rita.

"Kwetu ni mboga."

"Unakula haya?"

"Mpaka sahani ing'ae."

Rita alimtazama kutoka viatu hadi kitambaa cha kichwa. "Basi yang'oe mwenyewe," akasema. "Yote. Mgongo wangu umechoka nayo."

Goreth alivua koti la kanisani, akaingia mstarini. Aling'oa hadi saa kumi. Alipomaliza mistari minne Rita alimletea maji na kiti cha plastiki, na alipoona Goreth anachuma pia vikonyo vya majani ya maboga na kuvimenya nyuzi kwa kucha, alikaa chini kabisa kutazama. Jioni ile familia ya Wilondja ilikula lengalenga zilizopikwa na nyanya na kitunguu, pamoja na viazi. Wilondja aliongeza mara mbili.

Tangu hapo Jumapili ikawa ya Rita. Goreth alipalilia, na magugu ndiyo yaliyokuwa ujira wake. Mwezi Oktoba Rita alimpeleka bandani, akafungua debe la biskuti, akamwonyesha maharagwe aliyokuwa akihifadhi mbegu yake mwaka hata mwaka. Yalikuwa ya rangi ya maziwa, yenye madoadoa mekundu. Goreth alitia mkono ndani ya debe akauacha humo. Hayakuwa maharagwe ya Makamba, lakini yangeweza kuwa binamu yake.

"Chukua mistari miwili ya upande wa kijito," alisema Rita. "Mimi siwezi tena kuinama huko."

Alipanda maharagwe yake kwa mikono, punje mbili kila shimo. Januari yalikuwa yamepanda juu ya miti aliyoyasimikia, yamejifunga, na alianza kula mabichi. Mengine aliyaacha yakauke kwenye mashina, kwa ajili ya mwaka mzima na mbegu. Alikuwa amebakiza wiki mbili za jua.

Jua halikuja. Mwisho wa Februari mvua ilianza kunyesha na ikasahau kukoma. Siku ya nne Rita alipiga simu: kijito kimefika kwenye uzio. Goreth alikuwa kazini, na mikono yake ilikuwa imejaa unga wa keki za wazee. Alimpigia mume wake akijua atakachosema.

"Najua ni kazi," alisema. "Lakini maharagwe yanaondoka na maji."

Upande wa pili akasikia mashine ikizimwa. "Nakuja kukuchukua," alisema Wilondja.

Walifika Kemps Creek saa tisa, njia mbili zikiwa zimefungwa na kila mahali magari yakigeuka. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yalikuwa yamefunika mstari wa chini wote, na yalikuwa yanapanda juu kimya kimya. Wilondja alikunja suruali akaingia hadi magotini. Hawakuchuma. Waling'oa mashina mazima, na miti yake, na matope yake, wakayarusha nyuma ya gari. Rita alisimama juu akiwa na mwavuli, akipiga kelele kila maji yalipovuka alama nyingine. Waliondoka na mstari mmoja kamili na robo ya ule mwingine. Kabla ya jua kuchwa waliona vichwa tu vya miti iliyobaki.

Nyumbani walifunga kamba sebuleni kutoka dirishani hadi mlango wa jikoni, wakatundika mashina kama nguo. Feni mbili zilizunguka siku tisa. Nyumba ilinuka udongo na ukungu, na Divine alikataa kuleta marafiki. Theluthi moja iliota ukungu ikatupwa. Yaliyobaki yalijaza ndoo moja na nusu. Wilondja aliifunika ndoo kwa mfuniko, akaupigapiga kwa kiganja, akasema, "Haya hayatoki hapa bila mimi kujua."

Kwa hiyo mume alikuwa amegeuka. Aliyebaki ni binti.

Baridi ilipoingia, mezani palikuwa na maboga, viazi, kabichi, na siku mbili kwa wiki maharagwe yaliyopimwa kwa kikombe. Kisha maboga tena. Libère alikula alichopewa. Divine alianza kurudi amechelewa kutoka shule, mifuko ya kuku wa kukaanga wa Parramatta imekunjwa ndani ya begi lake. Goreth aliikuta akiwa anafua. Hakumgombeza. Aliweka mfuko mmoja mezani kando ya sahani ya binti yake, akakaa.

Divine aliutazama, uso ukapanda moto. "Mama, unajua unachofanya?" alisema kwa Kiingereza, kwa sauti iliyotetemeka. "Mlitoka kambini. Mna pesa, mna duka pale chini. Halafu unatupangia mgao. Umetufanya wakimbizi tena!"

Wilondja aliacha kutafuna. Neno lile halikuwahi kutamkwa kwa sauti ya juu ndani ya nyumba ile.

Goreth alijibu kwa Kiswahili, pole pole. "Mgao ni pale mtu mwingine anapokupimia, na huwezi kumwuliza. Mimi niliupangia foleni tangu nikiwa mdogo kuliko wewe. Hii nimechagua mwenyewe. Labda nimechagua vibaya, hilo tutazungumza. Lakini usiite mgao."

Akainuka kwenda kuosha vyombo ambavyo bado vilikuwa na chakula. Usiku huo hakuwa na hakika na chochote, lakini asubuhi aliamka akawasha moto wa uji wa maboga na maziwa, kwa sababu ndivyo alivyokuwa amesema atafanya.

Mwezi Julai ukaleta mtihani mkubwa. Mama yake Wilondja alikuwa amefariki Kigoma mwaka uliopita, na ndugu walikubaliana kuondoa matanga Sydney. Kaka mkubwa, Asende, angekuja kutoka Brisbane. Watu hamsini na kitu katika ukumbi wa kanisa, na kila mmoja wao angetarajia ugali, samaki, na sombe, yaani kisamvu cha Wakongo.

"Mama Divine, siku moja tu," Wilondja alimsihi. "Ni mama yangu. Watu hawawezi kuja kwenye matanga wakala maboga."

"Hawatakula maboga. Watakula ugali."

"Wa unga gani?"

Goreth alikuwa ameshaanza kutafuta. Mfugaji wa Camden aliyemwuzia maziwa alilima mahindi ya ng'ombe wake, na alikuwa amebakiza kihenge kizima cha mahindi makavu ambayo hayajapukuchuliwa. Mahindi ya njano. Goreth alijua anachokifanya. Kambini, unga wa njano ulipoletwa, watu walisema ni chakula cha mifugo na wengine walilia kwa hasira.

Wilondja alipoambiwa, alishika kichwa. "Ulianza na magugu. Sasa ni chakula cha ng'ombe!" Lakini alikwenda na gari, akapakia mahindi mwenyewe.

Walipukuchua sebuleni. Goreth alinunua kinu cha mkono cha chuma kwenye mnada wa vitu vya zamani, akakifunga mezani kwa skrubu, akaanza kusaga kila atokapo kazini. Siku ya tatu kifundo cha mkono kikavimba. Siku ya nne alirudi akakuta Divine ameketi mbele ya kinu, vipokea sauti masikioni, anazungusha mpini kwa nguvu zote, unga umemjaa kwenye nyusi.

"Bado naona ni upuuzi," alisema binti. Safari hii kwa Kiswahili.

"Sawa," alisema Goreth. "Pitisha mara mbili. Mara moja unabaki chenga."

Siku mbili kabla ya shughuli, Goreth alifungua nyuma ya gari kutafuta sufuria akakuta magunia: unga mweupe wa dukani, na mchele, yamefunikwa kwa turubai. Alimwita mumewe. Wilondja alitazama viatu vyake.

"Yaache hapo hapo," alisema Goreth. "Yapeleke ukumbini. Watu wakitoka na njaa, utayashusha wewe mwenyewe mbele yangu, na mimi nitapika bila neno."

Wanawake wa kwaya walikuja kusaidia na midomo iliyobanwa. Waliloweka lengalenga za Rita na majani ya viazi vitamu, yaliyokaushwa tangu Januari, wakayatwanga yote pamoja badala ya sombe. Walikaanga mkizi kwa mafuta ya zeituni. Maharagwe yaliyookolewa majini yalichemka tangu alfajiri na vitunguu na nyanya zilizokaushwa kiangazi, na Goreth hakuacha mtu mwingine ashike mwiko wake. Ugali aliusonga yeye na Divine, mmoja ameshika sufuria kwa kitambaa, mwingine anakandamiza. Ulitoka wa njano kama kiini cha yai.

Baada ya sala na nyimbo, sahani zikapita. Asende, mtu mrefu mwenye mvi, alipewa ya kwanza. Aliutazama ugali.

"Huu ni unga gani?" aliuliza.

Goreth alifungua kinywa, lakini Wilondja alimtangulia. "Ni mahindi ya Camden, kaka. Nilikwenda kuyachukua mwenyewe. Tumeyapukuchua nyumbani, binti yako ameyasaga kwa mkono wiki nzima. Samaki ni wa mto wa hapa. Maharagwe tuliyatoa kwenye mafuriko mimi na mke wangu, tukiwa ndani ya maji. Mama yangu alikula unga wa magunia mpaka alipokufa. Leo hatukutaka kumlilia kwa unga wa gunia."

Hakuwahi kuambiwa aseme hivyo. Goreth mwenyewe hakuwahi kuyapanga maneno hayo namna ile kichwani.

Asende alikata tonge, akalifinyanga muda mrefu, akachovya kwenye maharagwe, akala. "Una harufu," alisema. Akakata lingine. "Nilikuwa nimesahau kuwa mahindi yana harufu."

Si wote waliofurahi. Akina mama wawili walinong'ona kuhusu mchele, na mzee mmoja alilalamika kwamba mkizi ana miiba ya kumtafuta mtu. Lakini sufuria zilirudi jikoni zikiwa tupu, na Jumatatu Wilondja alirudisha magunia yake dukani akiwa na risiti.

Mwaka ulitimia mwanzoni mwa Septemba. Asubuhi ile Goreth alifungua kitambaa cha kabati. Wilondja alikunywa vikombe vitatu vya chai mfululizo, amefumba macho, na Libère akapikiwa wali. Sheria ikalegea: chai ruksa, mchele mara moja kwa wiki, Divine na kuku wake Ijumaa. Mengine yalibaki kama yalivyokuwa, kwa sababu sasa hakuna aliyetaka kuyabadili.

Lakini Oktoba Rita alimwambia Goreth, wakiwa wameketi kwenye viti vya plastiki, kwamba ameuza shamba. Watajenga maghala. Yeye anahamia kwa binti yake, kwenye nyumba yenye ua wa saruji. Alilia kidogo, akapangusa macho kwa mgongo wa mkono uliojaa udongo, akamkabidhi debe lake la mbegu.

Goreth hakukaa kuomboleza. Wiki hiyo hiyo alimwendea mfugaji wa Camden kuomba ardhi. Akakataa. Alirudi tena na wanawake wawili wa kwaya, wale wale waliokuja na midomo imebanwa. Mara ya tatu akaja na Wilondja na bakuli la maharagwe ya moto. Mfugaji alikula amesimama, kisha akawaonyesha robo eka nyuma ya banda la zamani, akawakodisha kwa mwaka, kwa majaribio.

Jumamosi ya kwanza walifika na majembe na miche. Bomba lilikuwa kavu. Mfugaji alisema fundi atakuja Jumatatu, labda Jumanne.

"Miche haiwezi kungoja Jumanne," alisema Goreth.

"Basi sijui, bibie."

Goreth alitazama huku na huku. Kulikuwa na hodhi ya kunyweshea ng'ombe ng'ambo ya uzio, mwendo wa mita mia mbili hivi, imejaa maji hadi ukingoni. Aliomba ndoo mbili, akamkabidhi Divine moja. Binti alitazama hodhi, akatazama miche, akahesabu safari zitakazohitajika, akaguna kwa Kiingereza. Kisha wakaruka uzio.